Kuchora ufukweni kwa kufuata maji: mwongozo kamili kwa anayetafuta utulivu

Kusini-mashariki mwa Unguja, kuanzia Jambiani kushuka hadi Makunduchi na kuzunguka kuelekea Kizimkazi, zipo sehemu ambazo vitanda vya watalii havijafika. Ni maweni matupu: mwamba mkali wa matumbawe ya kale, vichaka vinavyoota hadi ukingoni, na bahari inayojaa na kupwa kwa kiasi kinachomshangaza mtu wa bara akikiona mara ya kwanza. Ninapoandika haya ndiko ninakokufikiria, ila hatua zenyewe zinafaa pia Watamu, Kilwa, Mafia, Vumawimbi kule kaskazini ya Pemba, na popote penye maji yanayopwa.

Wengi wanaokwenda pwani na daftari ili kutuliza moyo huanza kujiuliza wachore nini. Kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni maji yako wapi saa hii na yanakwenda wapi. Ukiiachia bahari ikupangie saa za kazi, sehemu kubwa ya utulivu unaipata kabla hujachonga penseli, kwa sababu umekubali kukaa mbele ya kitu kisichoharakishwa na mtu.

Hatua ya kwanza: soma maji

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili ndani ya siku moja na kitu. Toka yajae hadi yajae tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku yanachelewa kwa takriban dakika 50. Kwa juma zima hiyo inakuwa karibu saa 6, na ndiyo sababu ufukwe uliouona mkavu Jumapili asubuhi unaweza kuukuta umefunikwa Jumapili ya pili saa ileile.

Wavuvi hawahitaji jedwali. Wanahesabu mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku moja au mbili baadaye ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya juu na chini Unguja ikikaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hiyo inashuka hadi mita moja na kidogo. Ukijua leo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu, umeshajua mengi: tarehe 2 au 16 tarajia bamvua, tarehe 8 au 23 tarajia maji mafu.

Kuna jambo jingine linalomfaa mchoraji sana. Unguja na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni, mwezi baada ya mwezi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanajaa karibu saa nne asubuhi na kupwa jioni. Kwa hiyo ratiba yako iko hivi. Ukitaka kuchora mwamba uliovuliwa nguo, mabwawa madogo na mizizi ya mikoko, nenda asubuhi ya bamvua. Fika saa moja au saa moja na nusu, maji yakiwa yanaondoka, ukimbie jua kabla ya saa nne. Ukitaka mawimbi yanayopiga mwambani, nenda jioni ya siku hizohizo. Na kama hujawahi kuchora nje ya nyumba, anza na maji mafu. Mandhari haibadiliki haraka, na ulichoanza kukichora saa mbili bado kitakuwepo saa tatu.

Kama hujui tarehe za mwezi, muulize mtu yeyote mwenye ngalawa. Atakujibu bila kutazama simu.

Upepo nao una neno lake. Kusi, kati ya Mei na Septemba, huupiga upande wa mashariki moja kwa moja. Hewa ni safi na rangi za bahari zinakaa wazi, lakini karatasi hairuhusu kuachwa bila kibanio. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni joto na jua kali. Katikati ya mchana usichore mwamba hata kidogo. Mwanzoni mwa Machi na tena katika juma la pili la Oktoba, jua la saa sita hupita juu ya utosi kabisa huku Unguja. Fimbo iliyosimamishwa haiachi kivuli, na mwamba usio na kivuli hauna umbo.

Hatua ya pili: chukua vichache

Daftari lisilo na mistari, la ukubwa wa kiganja kimoja na nusu, lenye jalada gumu ili usihitaji ubao. Karatasi ikiwa nzito, gramu 150 kwa mita ya mraba kwenda juu, itavumilia unyevu na rangi ya maji kidogo. Penseli mbili tu, HB ya kawaida na 4B iliyo laini na nyeusi zaidi. Kisu kidogo cha kuchongea, maana kichongeo cha dukani huvunja ncha za penseli laini na chumvi hukitia kutu. Vibanio vya nguo vinne kwa ajili ya upepo. Kanga kuukuu ya kukalia. Chupa mbili za maji matamu, ya kunywa na ya brashi, na usizichanganye.

Kifutio kiache nyumbani. Nasema hivi bila kusitasita, kwa sababu mwenye kifutio hutumia robo saa kusahihisha jiwe moja huku bahari yote ikimpita. Mstari uliokosewa upige mwingine kando yake. Michoro yenye mistari miwili mitatu ya kutafuta umbo huwa na uhai kuliko iliyosuguliwa.

Ukipenda wino, jitengenezee kalamu ya matete. Miswada ya zamani ya pwani hii, ikiwemo misahafu iliyonakiliwa Siyu katika kisiwa cha Pate, iliandikwa kwa kalamu za namna hiyo, na hakuna chombo kinachoelewana na mwamba wa matumbawe kama hicho. Tafuta tete kavu lenye unene wa penseli, likate mshazari kwa kisu kikali, punguza pande mbili hadi ncha ibaki nyembamba, kisha pasua ncha hiyo kwa urefu wa sentimita moja ili wino ushuke. Itatoa mstari mnene unapokandamiza na wenye mikwaruzo wino unapokaribia kwisha. Mikwaruzo hiyo ndiyo unayoitaka.

Miguuni vaa viatu vya kufunga vyenye soli ngumu. Maweni hukata kandambili, na kwenye mabwawa kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi wasiojua kwamba wewe ni msanii.

Hatua ya tatu: kaa, usichore

Dakika kumi za mwanzo ni za kukaa. Weka simu ndani ya mkoba. Sikiliza kwanza: upande huu wa kisiwa utasikia sauti mbili, mngurumo wa mbali wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba wa nje, na mnong'ono wa maji madogo ya ndani. Zitenganishe. Kisha vuta pumzi polepole na uitoe kwa muda mrefu zaidi kuliko ulivyoivuta. Baadaye penseli itafuata mwendo huohuo.

Watu huiruka hatua hii kwa kuona ni kupoteza muda. Ukiiruka, ukurasa wa kwanza utakuwa mchoro wa pwani uliyoizoea kichwani, mnazi umeinama na jua nusu duara, na pwani iliyo mbele yako hutakuwa umeiona.

Hatua ya nne: upeo wa macho

Piga mstari mmoja tu, wa upeo, pale bahari inapokutana na mbingu. Uweke juu ya katikati ya ukurasa ukitaka kuonyesha mwamba na maji, au chini yake ukitaka mawingu. Katikati kabisa ukurasa hugawika vipande viwili vinavyogombana. Uwe mlalo kweli. Pima kwa ukingo wa daftari, kwa sababu bahari ikiinama hata kidogo, mtazamaji ataona maji yanamwagika.

Upeo daima uko sawa na urefu wa jicho lako. Ukiwa umesimama ufukweni, unaona hadi kilomita nne na nusu hivi. Ukikaa chini, zinabaki tatu na kidogo. Kwa hiyo jahazi ambalo tanga lake linakatwa na mstari wa upeo na mwili wake hauonekani liko mbali kuliko hapo. Ukilijua hili, kila kitu kinapata mahali: kilicho kirefu kuliko jicho lako kitauvuka mstari, kilicho kifupi kitabaki chini yake, mtu na kigingi na mwamba pia.

Mashamba ya mwani ni darasa zuri la jambo hili. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani zikiwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo, na kazi kubwa hadi leo inafanywa na wanawake. Maji yakipwa utaona vigingi vimepangwa safu kwa safu na kamba zimefungwa kati yake. Chora vigingi vya safu moja: vya karibu virefu na vilivyoachana, vya mbali vifupi na vilivyosongamana, vyote vikielekea nukta moja kwenye upeo. Dakika ishirini za vigingi zitakufundisha umbali kuliko maelezo yoyote.

Hatua ya tano: mizizi, bila kutazama karatasi

Hapa ndipo penye utulivu wenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nenda penye mikoko maji yakiwa yamepwa. Unguja, Ghuba ya Chwaka ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko kwingine kisiwani, na kule Pete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kuna njia ya mbao inayokuwezesha kukaa katikati ya miti bila kuzama tope. Watamu, Hori la Mida lina njia kama hiyo.

Chagua mzizi mmoja. Usichague mti. Maji ya kifuu bahari ya chungu, na kwa asubuhi moja mzizi mmoja unatosha. Weka ncha ya penseli kwenye karatasi, weka jicho kwenye mzizi pale unapotoka shinani, kisha anza kulitembeza jicho polepole juu ya ukingo wake huku mkono ukifuata. Usitazame karatasi. Jicho likifika kwenye kovu, mkono upite kwenye kovu. Likikutana na chaza walioganda, zunguka kila gamba. Mzizi ukigawanyika, chagua tawi moja uende nalo hadi topeni, na usinyanyue penseli mpaka hapo.

Ukitazama karatasi utakuta fujo. Mistari imepishana, mzizi umekuwa mfupi upande mmoja na mrefu mwingine. Cheka, geuza ukurasa, rudia na mzizi wa pili. Kufikia wa nne au wa tano, jambo fulani linabadilika: jicho linaacha kurukaruka, pumzi inashuka, na unagundua hukuwa ukiwaza kodi ya nyumba. Zoezi hili linafanya kazi kwa sababu linachukua macho na mkono kwa wakati mmoja na halikuachii nafasi ya kujihukumu, maana huoni unachokihukumu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel kule Philadelphia waliwahi kulipima jambo linalofanana na hili. Katika utafiti wao uliotoka mwaka 2016, watu wazima 39 walikaa dakika 45 wakifanya kazi za sanaa, na karibu robo tatu yao walipungukiwa na kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo. Waliokuwa na uzoefu wa sanaa hawakufaidika kuliko wasio nao. Ni utafiti mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo usiuchukulie kama dawa ya hospitali. Ila kile cha mwisho, kwamba ufundi hauhitajiki, kinakubaliana na ninachokiona kwa watu wanaojaribu.

Mikoko inakupa aina za mizizi kama kitabu cha mazoezi. Mkoko wenyewe husimama juu ya miguu iliyopinda, upinde juu ya upinde. Mchu husukuma juu vijiti vyembamba vilivyosimama wima kwenye tope, mamia kwa mamia. Mlilana una vile vinene vilivyochongoka kama koni. Msinzi hukunja mizizi yake mithili ya magoti, na mkomafi huisambaza juu ya ardhi mfano wa utepe uliosimamishwa kwa ukingo. Kwa upinde, nenda mkono mzima kuanzia begani. Kwa vijiti vya mchu, kifundo cha mkono tu, haraka, kila kimoja kwa pigo moja kutoka chini kwenda juu. Anayechora hina au piko tayari ana mkono wa kazi hii. Ataona mistari inamtii mapema kuliko waliosoma shule za sanaa.

Hatua ya sita: mwamba na kiza chake

Mwamba wa pwani hii ulikuwa hai. Ni matumbawe yaliyoota chini ya bahari, mengi yake zama za miaka 125,000 hivi iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko leo. Bahari iliposhuka yakabaki nchi kavu. Leo maji ya chumvi na viumbe wanaokwangua jiwe wanaendelea kuula mwamba pale chini yanapofika maji, na juu unabaki umening'inia. Ukikaa mbele ya visiwa vidogo vya Watamu au kwenye majabali ya Makunduchi utaona kila jiwe limekatwa kiunoni.

Kiuno hicho ndicho cha kuanzia. Finya macho hadi vitu vidogo vipotee na kubaki mabaka matatu: cheupe, cha kati, cheusi. Cheusi kikubwa ni kile kivuli chini ya mwamba ulioning'inia. Kijaze kwa 4B, kizito, bila aibu. Ukimaliza tu, mwamba utakuwa tayari umesimama, ingawa hujachora mwamba. Cha kati kiweke kwa ubavu wa penseli. Cheupe ni karatasi, usiiguse.

Vitobo na ncha kali za jiwe vichore sehemu moja tu, karibu na ukingo wa kivuli, kwa kalamu ya matete inayokaribia kukauka. Kwingine kote acha. Jicho la mtazamaji litamalizia.

Hatua ya saba: mawimbi

Hakuna anayechora wimbi moja. Unachora tabia ya mawimbi mengi yaliyopita mahali pamoja. Chagua jiwe moja, litazame mawimbi kumi yakilipiga, na kila mara uangalie kitu kimoja tu: yanapanda hadi wapi, povu linaanguka upande gani, maji yanarudi kwa mfereji upi. Kisha chora mfereji kwanza, kwa sababu ndio usiohama.

Ukitazama mbali utaona mstari mweupe usiokatika. Ndiko mwamba wa nje ulipo. Wimbi huvunjika kina cha maji kinapokaribia urefu wake lenyewe, na kina hupungua ghafla pale kwenye matumbawe. Kwa hiyo mstari huo mweupe ni ramani ya chini ya bahari. Uchore ukiwa umekatikakatika, ukiacha wazi mlango ambamo ngalawa hupita. Ndani yake maji ni mapole na mistari yako iwe mirefu, mlalo, michache. Wanaoanza hujaza maji mistari mingi mno.

Jioni upande wa mashariki jua liko mgongoni mwako, na bahari inapata rangi bila kukuchoma macho. Ukiwa na rangi za maji, buluu moja, njano moja na kahawia moja zinatosha. Changanya buluu na njano kidogo kwa maji ya ndani, buluu tupu kwa ya nje. Kuna wanaotumbukiza brashi baharini kwa raha ya kusema wamepaka bahari kwa bahari. Chumvi hutoa madoadoa mazuri, kweli, lakini karatasi hiyo itavuta unyevu kila masika. Amua mwenyewe.

Hatua ya nane: watu, na maji yanaporudi

Ufukwe wa mwitu si ufukwe usio na wenyewe. Wanawake wanaovua pweza au kushughulikia mwani wako kazini. Wasogelee, toa salamu inavyostahili, "Shikamoo bibi, poleni na kazi. Naomba nikae hapa nichore mwamba huu," na usubiri jibu. Ukitaka kumchora mtu, muombe kabla, na ukimaliza muonyeshe. Vaa mavazi ya heshima. Karibu na bandari au vikosi vya ulinzi, funga daftari. Hata mchoro unaweza kukuletea maswali.

Kuhusu usalama, kanuni ni moja: ujue njia ya kutokea kabla ya kukaa. Bamvua likirudi, tambarare ya zaidi ya kilomita inafunikwa kwa saa chache, na maji hayaji mbele yako tu. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako. Chini ya majabali ni hatari zaidi, kwa sababu kiuno cha mwamba hakina pa kupandia. Maji yakianza kujaa, rudi nchi kavu, hata kama mchoro umebaki nusu.

Hatua ya tisa: kutoka daftari hadi kazi nyingine

Kabla ya kuondoka andika pembeni ya ukurasa tarehe ya mwezi, upepo, saa na hali ya maji. "Bamvua, kusi, saa tatu, yanapwa" inatosha. Baada ya miezi michache utakuwa na mahali pamoja palipochorwa katika maji tofauti, na hapo ndipo ilhamu hutoka. Tandaza kurasa sakafuni nyumbani. Utaona maumbo yanayojirudia: upinde wa mkoko, kiuno cha jiwe, safu za vigingi. Chukua moja ulikuze kwenye karatasi kubwa kwa mkaa, au lihamishie kwenye kazi uliyonayo tayari, iwe pambo la mkeka, nakshi ya mbao au ua la hina. Rudi palepale mara nyingi badala ya kufukuza fukwe mpya kila Jumamosi.

Kurasa zenye mkaa au 4B zitenganishe kwa karatasi laini, maana husuguana. Daftari liache wazi ndani ya chumba chenye hewa usiku wa kwanza; likifungwa na unyevu wa bahari huota ukungu. Brashi na kalamu zioshwe kwa maji matamu siku hiyohiyo, na kisu kipakwe tone la mafuta ya nazi.